Kiyoyozi cha Ofisi Baada ya Saa Tisa na Nusu: Mwongozo wa Matunzo kwa Ofisi za Unguja na Pemba

Kiyoyozi cha ofisi huharibika zaidi wakati hakuna wa kukitizama. Maji hudondoka usiku juu ya meza yenye faili. Umeme hukatika na kurudi saa nane za usiku. Mashine iliyosahauliwa Ijumaa huunguruma mpaka Jumatatu, na iliyozimwa ndani ya chumba kilichofungwa siku zote za sikukuu katikati ya masika huacha koga mpaka kwenye mapazia. Asubuhi fundi huitwa mbio. Wateja wamejaa barazani, meza hazisogezeki, naye hufanya linalowezekana hapo hapo: anapuliza filta, anaongeza gesi, anaandika risiti. Haupiti muda anaitwa tena kwa shida ile ile.

Matunzo ya kweli yanataka ofisi tupu. Lakini ofisi tupu nayo inataka mpango: nani ana funguo, kipi kinabaki kimewashwa, kazi gani ifanywe saa ngapi. Mwongozo huu ni wa ofisi yenye viyoyozi vya kawaida vya ukutani, BTU (kipimo cha nguvu ya kupoza) 9,000 hadi 24,000, mashine moja ndani na nyengine nje. Jengo lenye mtambo mmoja mkubwa wa pamoja lina mafundi na mkataba wake, halimo humu.

Hatua ya kwanza: chagua saa kwa kufuata kazi

Ofisi za Serikali hapa kwetu hufungwa saa tisa na nusu, na jua huzama baina ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro kidogo, kutegemea mwezi. Hizo ni karibu saa tatu za mwanga ambazo ofisi nyingi hazizitumii. Kazi zote za nje zifanywe humo: kupanda ngazi, kuosha mashine za nje, kutizama vyuma vinavyozishikilia. Mtu asipandishwe paani usiku kwa tochi ya simu, hasa kwenye mabati makuukuu ya Mji Mkongwe ambayo hata mchana huyajui yatakapobonyea.

Kazi ya maji mengi ndani ya vyumba iwekwe Jumamosi asubuhi. Chumba kinapata siku nzima na Jumapili yake kukauka kabla watu hawajarudi. Usiku ubaki kwa dharura, na kwa chumba cha seva kama hakuna saa nyengine inayofaa.

Kelele nazo zina wakati wake. Nyumba za Shangani, Malindi na Vuga zimegusana kuta, na mashine ya kuoshea kwa presha husikika mtaa mzima. Zima adhana inapoadhiniwa, na baada ya Isha usiwashe kabisa. Mwezi wa Ramadhani pangeni kazi za nje asubuhi mapema siku ya mapumziko. Fundi aliyefunga hapandishwi juu ya bati la moto mchana.

Kwa mwaka, huduma kubwa ifanywe kipupwe, Juni hadi Agosti, wakati ofisi inaweza kukaa siku moja na madirisha wazi bila mtu kulalamika. Huduma ya pili iwe Novemba, kabla kaskazi haijaleta joto la Disemba mpaka Machi. Kusubiri Januari ni kujitafutia foleni, maana mafundi wote wanatafutwa wakati mmoja.

Hatua ya pili: panga watu kabla ya vifaa

Wanahitajika watu wanne: fundi, msaidizi wake wa kushika ngazi, mtu wa ofisi mwenye funguo ambaye atakaa mpaka mwisho, na mlinzi. Mtu wa ofisi asiwe mtu wa kukabidhi funguo na kwenda zake. Atafunga makabati yenye nyaraka, atafunika kompyuta, na atakuwepo fundi atakapouliza breka, yaani swichi ya kukatia umeme, ya chumba fulani ni ipi. Posho ya saa za ziada ielezwe mapema, isije ikageuka mzozo saa kumi na moja jioni.

Orodha ya mashine iandaliwe: namba ya chumba, ukubwa, aina ya gesi, na namba ya breka yake. Kama breka hazijaandikwa namba, kazi ya kwanza ya Jumamosi ya kwanza ni hiyo, na ifanywe kabla ya mtu yeyote kushika bisibisi.

Mlinzi ndiye anayekaa na mashine hizi saa nyingi kuliko mkurugenzi, na mara nyingi ni mtu mzima ambaye hakuna aliyewahi kumwonesha chochote. Mpitishe chumba kwa chumba, mwoneshe kwa mkono, kisha bandika karatasi yenye maneno machache karibu na meza yake:

Maji yakidondoka ndani: zima kwa rimoti, zima breka ya chumba hicho, weka ndoo, piga simu. Usipande juu ya kiti kufungua mashine.

Ukisikia harufu ya kuungua au ukiona cheche: zima breka kubwa, usimwage maji, toka, piga simu.

Umeme ukikatika: usiguse kitu. Ukirudi, subiri dakika tano, kisha nenda chumba cha seva uhakikishe mashine inapuliza baridi.

Kila siku saa tatu usiku: soma salio la mita ya Tukuza. Likiwa chini ya namba iliyoandikwa hapa, piga simu usiku huo huo.

Hilo la mwisho linaonekana dogo. Lakini ofisi nyingi zenye mita ya kulipia kabla hukosa umeme usiku wa Jumamosi kwa sababu tu aliyezoea kununua yuko shamba, na seva hazimsubiri.

Hatua ya tatu: amua kinachobaki kimewashwa

Vyumba vya kawaida vizimwe vyote. Anayetoka mwisho abadilishe mashine iwe feni tupu kwa dakika kumi na tano hivi, kisha azime kwa rimoti, halafu ndipo swichi ya ukutani. Dakika hizo za feni hukausha koili ya ndani, yaani mabomba yanayopoza hewa. Koili inayoachwa majimaji ndani ya chumba chenye joto kila jioni ndiyo inayozaa ile harufu ya soksi ambayo watu huipulizia manukato. Baadhi ya mashine mpya hujikausha zenyewe zikizimwa kwa rimoti, na hizo zinaharibiwa mpango wao mtu akikimbilia swichi ya ukutani.

Chumba cha mafaili ni kesi nyengine. Kuta za mawe na chokaa za majengo yetu ya zamani hunywa maji na kuyatoa polepole, na masika hewa yenyewe imebeba maji. Kukifunga chumba hicho tangu Ijumaa mpaka Jumatatu bila hewa kuzunguka ni kuyaalika magonjwa ya karatasi. Tumia saa ya kujiwashia iliyomo kwenye rimoti: muda wa saa mbili asubuhi na muda wa saa mbili jioni, kwenye alama ya tone la maji, ambayo kazi yake hasa ni kukausha hewa. Usiweke nyuzi 18 ukidhani baridi kali ndiyo kinga. Baridi hiyo hupoza kuta na vyuma, na mlango ukifunguliwa Jumatatu hewa ya nje inagandia hapo na kuwa matone. Makabati yasogezwe mbali na ukuta upana wa kiganja. Penye bajeti, mashine ya kukausha hewa inafanya kazi hii vizuri kuliko kiyoyozi chochote.

Chumba cha seva hakizimwi. Kinataka mashine mbili zinazopokezana, kila moja ikiwa na uwezo wa kukibeba chumba peke yake, na joto libaki baina ya nyuzi 18 na 27. Nyuzi 22 au 23 zinatosha. Mtego wa chumba hiki ni betri: umeme ukikatika, betri huendelea kuzilisha seva huku kiyoyozi kimesimama, na chumba kidogo kilichozibwa vizuri hupanda joto haraka sana. Kama jenereta haibebi kiyoyozi cha chumba hiki, basi seva zipangwe kujizima zenyewe. Kubadilisha zamu ya mashine mbili kufanywe siku ambayo kuna mtu ofisini kesho yake. Asiyependa kusumbuliwa usiku asifanye Ijumaa jioni.

Maneno mawili kuhusu umeme wenyewe. Unguja hupata umeme kutoka Tanzania Bara kwa waya wa chini ya bahari unaotokea Ras Kiromoni na kuingilia Fumba, na Pemba hupata kutoka Tanga tangu 2010. Waliokuwepo Unguja hawajasahau giza la Mei 2008, wala lile lililoanza Disemba 2009 na kwenda mpaka Machi 2010. Siku hizi shida ya kila siku ni kukatika kwa muda mfupi, na kwa kiyoyozi hatari kubwa ipo pale umeme unaporudi. Kompresa, ile pampu ya gesi ya mashine ya nje, iliyosimama ghafla inahitaji angalau dakika tatu ili presha ya gesi isawazike kabla ya kuanza tena. Ikilazimishwa kuanza mapema huvuta umeme mwingi, hukwama na mwishowe huungua. Mashine nyingi zina ucheleweshaji huo ndani yake, lakini voltiji inayopanda na kushuka haiwezi kuzuiwa na hilo. Funga kifaa cha kulinda umeme chenye kuchelewesha dakika tatu hadi tano, kimoja kwa kila mashine.

Halafu itizame tabia ya mashine kujiwasha yenyewe umeme unaporudi. Chumba cha seva inatakiwa. Vyumba vyengine iondolewe, ama sivyo umeme ukirudi Jumamosi usiku, ofisi nzima itaanza kupoza viti vitupu. Na kwenye jenereta, mashine ziwashwe moja baada ya nyengine, ukiipa kila moja dakika moja au mbili kabla ya inayofuata.

Hatua ya nne: filta, kazi ya kila wiki mbili

Hii haihitaji fundi. Msafishaji anaifanya jioni baada ya watu kutoka. Zima, fungua kifuniko, vuta filta, ioshe chini ya bomba ukielekeza maji kutoka upande usio na vumbi kuelekea upande wenye vumbi, tumia sabuni kidogo ya vyombo kama ina mafuta, ikung'ute, ianike kivulini. Jua kali huipinda. Irudishwe ikiwa kavu kabisa, kwa hiyo njia nyepesi ni kuosha jioni na kurudisha asubuhi, na mashine isiwashwe katikati.

Filta iliyoziba hupunguza hewa inayopita kwenye koili, koili huganda barafu, na barafu ikiyeyuka maji humwagika nje ya trei ya kuyakingia. Mengi ya "kiyoyozi kinavuja" ni haya.

Hatua ya tano: kuosha kwa undani

Mara mbili kwa mwaka ndani, na mara nyingi zaidi nje kwa ofisi iliyo karibu na bahari. Zima breka, ifunge au ibandike karatasi "Mtu anafanya kazi", na mtu wa ofisi asimame nayo. Mashine ya nje ina kapasita, inayobaki na umeme hata breka ikishazimwa. Fundi aupime na kuutoa kabla ya kuingiza vidole. Fundi anayekwenda moja kwa moja kwenye waya kwa kuwa "nimeshazima", mrudishe nyumbani salama.

Ndani, tandika turubai, funga mfuko wa kuoshea chini ya mashine ili maji yateremke kwenye ndoo, ziba bodi ya umeme kwa nailoni na tepu. Maji yawe ya presha ndogo, yakifuata mapezi ya koili kutoka juu kwenda chini. Presha kubwa huyalaza mapezi yale ya alumini, na yakilala hewa haipiti tena. Dawa iwe ile laini ya kusafishia koili. Tindikali hula alumini, na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe nayo ni vivyo hivyo, hata kama harufu yake inampa mtu imani ya usafi.

Wengi huishia kwenye koili. Uchafu wenyewe umo kwenye feni ya duara iliyo nyuma yake, ile ndefu kama pipa jembamba. Izungushe kwa mkono umulike kwa tochi: ukiona madoa meusi kwenye mabawa yake, hiyo ndiyo koga inayopuliziwa watu usoni. Isuguliwe bawa kwa bawa kwa burashi laini, na ikiwa imezidi ifunguliwe itolewe. Ni kazi ya saa nzima kwa mashine moja, na ndiyo sababu hasa ya kuiweka Jumamosi.

Kisha trei na mpira wa kutolea maji. Ndani ya mpira hujaa ute, na sisimizi huufanya nyumba. Uvutwe kwa mashine ya kunyonya kutoka upande wa nje, halafu mimina lita moja ya maji kwenye trei na mtu wa nje aseme kama yametoka yote. Mpira uteremke njia nzima bila kupanda popote, na ncha yake isizame ndani ya maji ya ndoo, maana ikizama maji hugoma kutoka. Ndoo yenyewe ni mazalio ya mbu. Bora mpira ufike kwenye mfereji. Katika Mji Mkongwe kuna mambo mawili zaidi. Maji yasidondoke kwenye njia wanayopita watu, kwani vichochoro vile ni vyembamba na hakuna pa kukwepea. Na yasiteremke kwenye ukuta, maana maji ndiyo adui mkubwa wa mawe ya matumbawe na chokaa. Ukihitaji kutoboa tundu jipya au kuihamisha mashine ya nje, anzia kwenye Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe kuomba ruhusa, kabla ya drili.

Nje, vita ni dhidi ya chumvi. Upepo wa bahari huileta, inakaa kwenye mapezi, na unyevu unaigeuza kuwa kutu na ukungu mweupe wa alumini. Ofisi zilizoelekea bahari, za Forodhani, Mizingani, Mkoani au Wete, zimwagie maji mashine za nje kila mwezi. Maji baridi yasiyo na chumvi, na hapa ndipo penye kosa la kawaida: visima vingi vya karibu na pwani vina maji ya chumvichumvi. Yaonje kwanza. Kama yana ladha, usiyatumie. Kinga maji ya mvua ya masika kwenye tangi yatosheleze kazi hii. Osha kutoka ndani ya mashine kwenda nje pale inapowezekana, mtiririko mpole. Skrubu zilizokula kutu zibadilishwe kwa zisizoshika kutu, na vyuma vinavyobeba mashine vigongwe kwa nyundo ndogo: sauti butu na vipande vinavyobanduka maana yake vimeoza, na chini yake hupita watu.

Fungua sanduku la umeme la mashine ya nje utizame mijusi. Hupenda joto la bodi, na mmoja akigusa sehemu mbili zenye umeme kwa pamoja anakufa na bodi. Ziba matundu ya waya, ila usizibe njia za hewa. Kunguru nao hujenga nyuma ya mashine, na viota vyao huwa na vipande vya waya; toa kiota wakati umeme umezimwa. Mashine isifunikwe nailoni kuizuia mvua. Imeumbwa kukaa mvuani, na nailoni hufungia ndani unyevu na chumvi pamoja.

Hatua ya sita: suala la gesi

Gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha. Inazunguka ndani ya bomba zilizozibwa, na ikipungua kuna mahali inavuja. Fundi anayeongeza kila baada ya miezi michache bila kutafuta tundu anauza hewa. Mwambie apake maji ya sabuni kwenye maungio, hasa kwenye nati za shaba za mashine ya nje ambako chumvi imefika, na asipoona kitu ajaze naitrojeni apime presha. Baada ya kuziba, bomba zitolewe hewa kwa pampu ya vakyumu kabla ya gesi kuingia.

Aina imeandikwa kwenye kibandiko cha mashine. R22 ni ya mashine za zamani na inaondolewa sokoni chini ya Itifaki ya Montreal kwa kuharibu tabaka la ozoni, kwa hiyo mashine ya R22 iliyooza koili haifai kuwekezwa tena. R410A hufanya kazi kwa presha kubwa zaidi na hujazwa kwa kupimwa kwenye mizani, ikiwa kimiminika. R32, iliyomo katika mashine nyingi mpya, inaweza kushika moto: madirisha wazi, hakuna sigara, hakuna kuunguza bomba kabla gesi haijatolewa. Aina hizi hazibadilishani. Na gesi isifunguliwe ikaachiwa hewani. Fundi aje na mtungi wa kuipokelea.

Hatua ya saba: jaribu kabla ya kufunga mlango

Washa kila mashine kwenye nyuzi 24 kwa dakika ishirini. Pima joto la hewa inayoingia juu na inayotoka chini kwa kipimajoto cha kawaida. Tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 ni nzuri. Ikiwa ndogo, rudi kwenye filta, feni na gesi kwa mpangilio huo huo. Fundi apime ampea kwa mita yake na azilinganishe na kibandiko. Sikiliza mtikisiko wa mashine ya nje. Tizama mpira wa maji kama unatoa.

Andika kwenye daftari: tarehe, chumba, tofauti ya joto, ampea, kilichofanywa, kilichobaki, gramu za gesi kama imeongezwa. Fundi atie saini, na mtu wa ofisi naye. Malipo yafanywe baada ya saini ya pili. Kisha vyumba vizimwe, chumba cha seva kikaguliwe mara ya mwisho, na mlinzi aambiwe kwa mdomo ni mashine zipi zimebaki zikifanya kazi usiku huo.